Pumzi Katika Amplifaya ya Kavumbi

Kwanza niwaambie kitu kimoja, ili tusisumbuane. Mimi Esha si mtu wa kutishwatishwa. Nashona mapazia ya mahoteli hapa Ukunda, na mtu akiniletea habari za jini aliyeonekana njia ya pwani, namuuliza alikula nini usiku ule. Basi haya ninayowasimulia si ya kuambiwa. Yalimfika ndugu yangu wa tumbo moja, Amin, nami nilikuwapo. Na yote yalitokea mchana kweupe, watu wanapika, redio zinalia, jua la kupasua kichwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Nilikuwa nimekaa na cherehani yangu barazani, nimechemsha muhogo, na Amin yuko sebuleni anagombana na gitaa lake. Alikuwa akipiga katika bendi ya hoteli moja kule Diani, nyimbo za zamani za kuwachezesha wageni. Lakini roho yake haikuwa kwa wageni. Roho yake ilikuwa kwa Rai Kavumbi wa Kikoneni. Nyinyi wa zamani mnamjua. Zamani zile harusi ya huku kwetu haikuwa harusi bila Kavumbi, na lile gitaa lake lilikuwa likilia mpaka wazee wanajifuta macho. Kavumbi alikufa Amin akiwa bado ananyonya.

Sasa Amin alikuwa ameagiza kisanduku. Chuma kitupu, bapa, ukubwa wa sinia ndogo, kina kioo mbele na vifundo vya kukanyaga kwa mguu. Nikamuuliza hiki ni cha nini, akanieleza mpaka nikajuta kuuliza. Ndani yake, anasema, mna amplifaya za dunia nzima, si zenyewe bali mifano yake. Unachagua amplifaya, unachagua spika, unachagua hata maiki imesimama wapi mbele ya spika, kisha unakanyaga, na gitaa lako linatoa sauti ya mtu mwingine. Nikamwambia mbona hiyo ndiyo kazi ya mganga. Alicheka huyo, akanipiga busu la paji la uso.

Yeye na mwenzake Japheth, mpiga kinanda, kijana wa Taru, walikuwa wakiitafuta sauti ya Kavumbi kwa kisanduku hicho. Walitazama picha zake za zamani kuona amplifaya gani imesimama nyuma yake. Walitafuta nyuzi za unene ule ule. Walipandisha besi, wakashusha besi, wakaongeza mwangwi, wakapunguza, kanda ya Kavumbi inazunguka kila siku mpaka mimi nikaijua hata pale Kavumbi anapokohoa. Nikawaambia mmeshafika, ni yeye huyo. Amin akatikisa kichwa. Akasema, "Bado, dada. Ni kama namsikia akiwa nyuma ya mlango."

Japheth ndiye aliyeleta la pili. Akasema kisanduku kile hakina kazi ya kuiga tu vilivyomo. Ukikipata kitu chenyewe, unakiunganisha. Kisanduku kinaipigia amplifaya milio yake, kinasikiliza inavyojibu, kinapiga tena, kinasikiliza tena, mpaka kinajifunza kujibu kama yenyewe. Wakitoka hapo hawaihitaji tena ile amplifaya. Wanabeba nakala yake mkobani.

Na amplifaya ya Kavumbi ilikuwapo. Ilikuwa kwa mjane wake, Bi Mbodze, shambani Kikoneni, na Bi Mbodze alikuwa shoga wa marehemu mama yetu. Basi nikafunga sukari na majani ya chai katika kitambaa, maana huwezi kwenda kwa mtu mzima mikono mitupu, nikaenda nao.

Tulimkuta uani anaanika muhogo. Shikamoo, marahaba, habari za siku nyingi, kilio kidogo cha kumkumbuka mama. Tulipomweleza haja yetu akatuingiza chumba cha nyuma. Amplifaya ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka nyeupe, safi, imefuliwa juzijuzi tu. Akaifunua mwenyewe. Kasha lenye ngozi iliyochunika, spika yake imepasuka na kuzibwa kwa kitambaa na gundi. Amin alipiga magoti mbele yake, macho yamemlowa.

Bi Mbodze akasema hana kinyongo, iwasheni, lakini kwao chombo cha mpigaji aliyekufa hakiamshwi hivi hivi. Kwao, mwenye kuitwa huitwa kwa jina lake, huambiwa anaitiwa nini, hupewa pa kukaa, na haja ikiisha huagwa. Hata pepo kwenye ngoma ya kupunga hutendewa hivyo, seuze mtu aliyeishi na watu. Maneno mafupi tu, akasema, atawatamkia yeye na Amin ayafuatishe.

Amin akaniangalia. Akaninong'oneza kwamba hiyo ni shirki, kwamba yeye hawezi kuzungumza na maiti. Nami sikumlaumu, tumelelewa hivyo. Akamwambia Bi Mbodze kwa adabu kabisa kwamba dini yake haimruhusu. Mama wa watu hakukasirika. Alisimama pale, mikono imejaa unga wa muhogo, akamtazama.

"Basi angalau usimwite kwa mguu," akasema. Akatoka, akarudi kwenye muhogo wake.

Amin alikuwa amelishika gitaa kwa mikono miwili. Kisanduku kiko sakafuni, kifundo kiko mbele ya kidole chake gumba. Akakanyaga.

Kisanduku kikapiga mluzi mrefu. Amplifaya ikajibu. Kikapiga kama mvua juu ya bati, ikajibu. Kikanguruma, ikanguruma. Ilikwenda hivyo muda mrefu, huyu anaita, huyu anaitika. Kisha taa ya kijani ikawaka na Japheth akachomoa waya ukutani. Amplifaya ikaendelea kunguruma kidogo, na waya uko mkononi mwake. Akaniambia hayo ni ya kawaida kwa hizi za zamani, umeme hubaki ndani. Sawa, sikuwa na elimu ya kumbishia.

Tuliporudi nyumbani Amin alikiunganisha hapo hapo, hata kofia hajavua. Akakanyaga, akapiga noti moja. Wallahi nilisimama. Ilikuwa ni kama Kavumbi yuko sebuleni kwangu. Na baada ya noti kufa, kulikuwa na kitu kingine, chini kabisa, kama mtu anavuta pumzi kwa mdomo. Katika kanda sikuwahi kuisikia. Amin akasema ndiyo hiyo, dada, ndiyo iliyokuwa imekosekana, ni joto la ile spika mbovu. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo.

Habari zikaenea. Jumapili mchana hoteli ikawa inajaa watu wa Ukunda, wa Msambweni, wazee kwa wajukuu, si wageni tena. Nilikwenda kumtazama. Wimbo ukifika pale pa gitaa, Amin anakanyaga, Kavumbi anaingia. Pakiisha, anakanyaga, Kavumbi anatoka. Watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Mimi nilikuwa naangalia mguu. Anamwita kwa mguu, anamfukuza kwa mguu. Anamwita, anamfukuza. Mzee wa watu. Nikajiambia acha upuuzi, Esha, hiyo ni mashine.

Halafu mguu ukaanza.

Tulikuwa tunakula wali, Amin ameketi mkekani, na mguu wake wa kulia unapiga sakafu. Taratibu, kwa kisigino. Nikamwambia acha, unanitia kiwewe. Akasema aache nini. Akautazama mguu wake kama anautazama wa mtu mwingine, akaushika kwa mikono miwili. Ukatulia. Alipouachia ukaendelea pale pale ulipokomea.

Akilala mchana, mguu unapiga. Akizungumza na watu, unapiga. Haukuwa mdundo wa wimbo wowote tunaoujua, Japheth mwenyewe alijaribu kuufuata na kinanda akashindwa. Kisha ukapoa. Nikiugusa ni baridi, baridi ya chupa iliyotoka kwenye friji, na huku sisi tunatokwa jasho. Siku moja alikanyaga kigae cha chupa uani, damu inamfuata mpaka jikoni, naye ananiuliza nani amechinja kuku.

Hospitali walimpima wakasema mshipa hauna shida, mfupa mzima, damu nzuri. Walikuwa watu wazuri, walihangaika naye. Tukasomewa dua nyumbani, na kweli Amin alipata usingizi, na mimi nikapata utulivu. Mguu haukupata. Japheth akaifuta ile sauti, akaapa kwamba ameifuta. Siku ya pili Amin akabonyeza kifundo kingine, cha amplifaya nyingine kabisa. Akapiga noti. Noti ikafa. Ikaja ile pumzi.

Ganzi ilikuwa inapanda. Ilifika gotini, ikafika kiunoni. Nilikuwa namwogesha kama alipokuwa mdogo, na ndugu yangu mtu mzima analia kwa aibu. Nilipokuwa namfunga shuka akanivuta karibu, mdomo sikioni.

"Dada, inapita mahali na pale si pangu tena. Ikifika kifuani, sijui kama nitakuwa mimi. Usiniache."

Nikamwambia siwezi kukuacha, nitakuacha uende wapi. Nikatoka nje nikauma khanga yangu ili asinisikie.

Shirki au si shirki, tukamrudisha Kikoneni. Mwenyewe alikubali. Japheth aliendesha gari la kuazima, mimi nimempakata Amin kiti cha nyuma, na mguu unapiga mlango njia nzima. Bi Mbodze alipotuona hakusema "niliwaambia". Mtu mwingine angesema. Mimi ningesema.

Alimkalisha Amin juu ya kigoda, uani, jua liko utosini. Akatandika ile shuka nyeupe, akachukua kayamba, akaanza kuitikisa taratibu. Akamwita mumewe kwa jina lake na jina la baba yake na la babu yake. Akamwambia vijana walikosa adabu, ni watoto, wasamehe. Akamwambia wamekuja kukuaga. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mke kwa mume. Akamwita tena. Na tena.

Mguu haukubadilika. Ulikuwa unapiga mdundo wake ule ule, haumjali. Bi Mbodze akaacha kuitikisa kayamba. Nikaona uso wake umebadilika.

Akamwambia Japheth alete ile mashine. Kuku walikuwa wanachakura karibu yetu, jirani anatwanga. Japheth akaiunganisha kwa spika yake ndogo ya betri, akapiga noti moja kwa kidole. Noti ikalia, ikafa, ikaja ile pumzi. Bi Mbodze akasogeza sikio. Akamwambia apige tena. Halafu akarudi nyuma, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Sauti ni ya mume wangu," akanong'ona. "Pumzi si yake. Mimi nimelala na pumzi yake mpaka amekufa, siwezi kuikosea. Rai nilimuaga mwenyewe zamani, akaenda. Mle ndani hamkuwa na mtu. Mmebisha nyumba tupu, mkaitikiwa, mkafurahi."

Nilimuuliza, sasa ni nani.

Akasema hajui. Akasema ndiyo taabu yenyewe, maana anayeagwa huagwa kwa jina lake, na asiyejulikana jina hapana anayeweza kumwambia nenda. Kwenye ngoma jambo la kwanza ni kumuuliza. Akasogea akachutama mbele ya Amin. Hakumwangalia usoni. Aliangalia mguu.

"Wewe ni nani?"

Mguu ukasimama. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi ukasimama kabisa. Jirani naye akaacha kutwanga. Nikamwona Amin anafumbua mdomo, na macho yake yananitazama mimi, yamejaa hofu. Macho yalikuwa yake. Mdomo ukasema, kwa sauti yake mwenyewe, polepole, kama anayejifunza kusoma:

"Amin."

"Amin wa nani?"

"Amin wa Esha."

Bi Mbodze akaiweka kayamba chini. Alikaa pale pale mchangani, akafunika uso kwa khanga. Nikamshika mabega, nikamwambia muage, muage, unangoja nini. Akasema, "Mwanangu, nikimuaga Amin, atakayeondoka ni Amin."

Nikapiga magoti. Nililia mbele ya yule mama bila haya. Nikamuuliza hapana njia nyingine, hapana dawa, hapana mkubwa wake wa kumwendea. Akafikiri. Akaniuliza kama Amin ana jina jingine, la utotoni, la ndani, ambalo watu wa nje hawalijui. Tungeweza kumshikilia ndugu yangu kwa jina hilo, na kumtoa yule kwa jina aliloiba. Nikakumbuka. Mama alipokuwa akimnyonyesha alimwita jina fulani, na tangu mama afe hapana aliyelitaja, mimi peke yangu ndiye niliyebaki kulijua. Nikafumbua mdomo nimwambie.

Mdomo wa Amin ukalitamka kabla yangu.

Kisha ukatabasamu. Na macho yakawa bado yananitazama, bado ni yake, na machozi yanateremka pande zote mbili za lile tabasamu. Sikuweza kufanya kitu. Nilimshika mkono tu. Nikausikia unapoa, kuanzia kwenye bega, kuteremka, mpaka kwenye vidole.

Tukaondoka. Njiani Amin alilala mapajani mwangu, mguu kimya. Kisanduku tulikiacha kwa Bi Mbodze, ambaye alisema atakifukia, na sijui kama alikifukia. Tulipofika Ukunda, adhana ya alasiri inaadhiniwa, akaamka. Akashuka garini kwa miguu yake. Hakuchechemea. Mwili wake ulikuwa na joto. Akasema ana njaa, akala sahani mbili. Majirani walikuja kushukuru Mungu pamoja nami, wakaleta maandazi. Japheth alilia kwa furaha. Na mimi nikasema alhamdulillahi, kwa sababu nitasema nini?

Ni mzima mpaka leo. Amerudi kazini, anapiga vizuri kuliko zamani, watu wanamsifu. Hahitaji mashine. Analichukua gitaa kavu, halina waya, anakaa barazani kwangu, anapiga noti, anaiacha ife. Halafu inakuja pumzi. Mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu nisiisikie.

Sijamwambia mtu. Nimwambie nani, na niseme nini? Niseme ndugu yangu amepona na nataka arudi yule mgonjwa? Watanishika wanipeleke Mathari kwa wenda wazimu. Nampikia, namfulia, naishi naye. Ananiita Esha. Si dada, Esha.

Juzi chakula kilikuwa tayari, yeye yuko uani anamwagilia mchicha, nami nikasahau. Tangu siku ile nilikuwa simwiti kwa jina, nasema "wewe" au "njoo ule". Juzi nikasahau, nikaita kutoka jikoni kama nilivyomwita miaka yote, "Amin!"

Yule wa uani akajibu, "Eeh?" Nikamsikia anaweka ndoo chini.

Sasa, Amin nilimlea mimi baada ya mama kufa. Nilimfunza mwenyewe kwamba mkubwa haitikiwi hivyo, na hakuwahi kuniitikia hivyo hata siku moja, hata akiwa na homa, hata akiwa na hasira zake. Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi, nayafikiri hayo, ndipo nikasikia na jibu la pili. Lilitoka chumbani kwake. Mlango uko wazi, kitanda kimetandikwa, jua limeingia mpaka ukutani, hamna mtu. Sauti ya chini, yenye adabu, imechoka.

"Naam, dada."

Halafu ikangoja. Nilijua inangoja, kama anavyongoja mtu aliyeitwa na hajaambiwa kaa wala nenda. Yule wa uani alikuwa ameshafika mlangoni, mikono inachuruzika maji, ananitazama na kutabasamu, anataka kuona nitafanya nini. Nikaufunika mdomo wangu kwa mkono, nisije nikamwita tena nami sina pa kumkalisha.